Deni la Sauti

Mtu aliyejaaliwa sauti, watu wakaipenda, wakainunua kwa fedha zao, wakaoana kwayo na kuliwazana kwayo katika huzuni, je, ana ruhusa ya kunyamaza? Swali hili nimeishi nalo kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwangu mimi si swali la vitabuni, kama nitakavyokiri kabla sijaweka kalamu chini. Lakini nitalianzia mbali, Uingereza, kwa mwimbaji ambaye wengi wa rika langu tulimsikia kwenye kaseti kabla hatujaiona sura yake. Nina maana ya Sade Adu.

Alizaliwa Ibadan, Nigeria, tarehe 16 Januari 1959, akapewa jina la Helen Folasade, na hilo la pili ni jina la Kiyoruba lenye heshima na taji ndani yake. Baba yake alikuwa mhadhiri wa uchumi, Mnigeria. Mama yake alikuwa muuguzi, Mwingereza. Ndoa haikudumu. Binti alipofikia miaka minne, mama alimchukua yeye na kaka yake wakarejea Essex, mashariki ya Uingereza, kwa wazee wake. Huko ndiko alikokulia, mtoto mwenye rangi ya baba katika nchi ya mama. Alipokuwa kijana alikwenda London kusomea ubunifu wa mavazi katika chuo cha sanaa cha Saint Martin's. Kuimba hakukuwa azma yake. Rafiki zake walikuwa na bendi isiyo na mwimbaji, naye akawashika mkono mpaka wampate mwingine. Baadaye akawa mwitikiaji katika bendi iliyoitwa Pride, na humo akatoka na wenzake Stuart Matthewman na Paul Denman, na pamoja na Andrew Hale wakawa kundi lililochukua jina lake. Kwa hiyo Sade ni jina la mtu na ni jina la kundi, na hili msomaji alikumbuke, maana litatufaa mbele.

Nilikuwa na umri wa miaka 15 albamu yao ya kwanza, Diamond Life, ya mwaka 1984, ilipotufikia hapa kisiwani. Ilikuja kwa mikono ya mabaharia na ya jamaa waliotoka Ghuba, kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Shule nilikwisha kuiacha. Kiingereza nilichonacho, ambacho leo ndicho chombo changu cha kazi ya tafsiri, nilikipata kwa kamusi moja isiyo na jalada na kwa kaseti kama hizo. Na katika waimbaji wote hakuna aliyenifaa kama huyu, kwa sababu kila neno hulitamka likaisha ndipo akalitia jingine mdomoni. Nikisimamisha kaseti, nikifungua kamusi, nikirudisha nyuma. Siku za umeme kukatika, na kwetu hazikuwa chache, nikizungusha utepe kwa kalamu ili betri zisiishe.

Muziki wa soul ulizaliwa Marekani, ukanyonya makanisani mwa watu weusi. Ndiyo maana waimbaji wake wakubwa, mathalan Aretha Franklin, huipandisha sauti mpaka ikawa kilio au dua, na msikilizaji huhisi kwamba hakuna kilichobakizwa kifuani. Sade alishika njia ya kinyume. Sauti yake ni ya chini, haina haraka, nayo huimba kama mtu anayezungumza na mwenziwe waliokaa mkeka mmoja. Wapo waliosema kwamba huo ni ubaridi tu, muziki wa kuwaburudisha matajiri wakati wa chakula cha jioni. Mimi nadhani waliosema hivyo hawajapata kughani shairi. Mwenye kughani anajua kwamba kati ya ukwapi na utao pana pumziko dogo lisilohesabiwa katika mizani, na kwamba mghani mbovu hulikimbia pumziko hilo kwa kuogopa kuwa watu watadhani amesahau. Nilipojaribu kuutafsiri wimbo wake mmoja kwa Kiswahili nilishangaa kuona maneno yenyewe ni machache na ya kawaida, ya kuweza kusemwa sokoni. Uzito ulikuwa mahali asipoimba, na hapo mfasiri hana la kushika.

Umaarufu ulimjia kwa kishindo. Mwaka 1985 albamu ya pili, Promise, ilipanda mpaka nafasi ya kwanza Uingereza, na mwaka uliofuata ikashika nafasi hiyo Marekani pia. Mwaka huo huo wa 1986 akapewa tuzo ya Grammy ya msanii mpya bora. Tarehe 13 Julai 1985 aliimba katika uwanja wa Wembley kwenye tamasha la Live Aid, la kuwachangia waliokuwa wakifa kwa njaa Ethiopia. (Imeandikwa mara nyingi kwamba siku ile yeye pekee katika jukwaa la London ndiye aliyezaliwa Afrika. Watu wa visiwa hivi wanajua kwamba si kweli: Freddie Mercury, aliyepanda jukwaa lile lile siku ile ile, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na hakuna mtembeza watalii wa Mji Mkongwe asiyekuonesha nyumba.)

Sasa tazama miaka ya albamu zake: 1984, 1985, 1988, 1992, 2000, 2010. Ukizitoa moja kwa nyingine unapata mwaka mmoja, kisha mitatu, minne, minane, kumi. Tangu 2010 zimesikika nyimbo mojamoja: mbili katika mwaka 2018 kwa ajili ya filamu, na mwaka 2024 wimbo uitwao Young Lion, ambao ni maneno ya mama kwa mwanawe, mama anayemwomba mtoto radhi kwa kuchelewa kumfahamu. Mtu wa biashara akiziona hesabu hizi atasema mwanamke huyu ametupa mali. Aghalabu mwimbaji akishapata jina huambiwa atoe kitu kila mwaka, awe na mbivu asiwe nayo, maana soko halisubiri na sura mpya ziko mlangoni. Yeye alikwenda kuishi mashambani, akalifufua gofu la nyumba, akalea mtoto. Magazeti ya kwao hayakuridhika na maelezo mepesi kama hayo, yakatafuta magumu: ugonjwa wa akili, dawa za kulevya. Alipoulizwa alisema kwamba yeye hutoa muziki pale tu anapoona ana la kusema. Jibu hili lilichukuliwa na wengine kuwa ni majivuno.

Sahibu yangu mmoja, mtunzi naye, hanikubalii katika jambo hili. Husema karama ni kisima kilichochimbuka katika kiwanja chako; maji si wewe uliyeyaumba, basi kwa haki gani unakifunika ilhali jirani ana kiu? Hoja hii ni nzito na nimekaa nayo muda mrefu. Mwishoni nimeona kwamba kosa lake limo katika mfano. Sauti ya mtu haifanani na kisima. Inafanana zaidi na mkarafuu. Sisi watu wa Pemba tunajua kwamba mkarafuu una mwaka wake wa kuzaa na miaka yake ya kupumzika, na kwamba mchumaji mwenye pupa akiyavunja matawi ili karafuu zishuke upesi, mti hulipiza kwa kutozaa. Hapana aliyepata kuushitaki mkarafuu.

Lakini tuuache mti, maana mti hauna dhamiri, na swali letu ni la dhamiri. Tukisema wimbo ni bidhaa, basi mimi niliyenunua kaseti nilitoa pesa nikapewa wimbo, na hesabu yetu ilifungwa pale pale dukani. Hakuna muuza samaki ambaye kwa kuniuzia changu mzuri leo amejifunga kuniuzia kesho. Tukisema ni amana, amana hurudishwa kwa aliyeiweka, na mimi msikilizaji sikuiweka mimi. Atakayemuuliza mwimbaji sauti yake aliifanyia nini hatakuwa mimi. Na tukisema ni zawadi, zawadi ikidaiwa jina lake hubadilika. Nimeuzungusha mlango huu kila upande nikitafuta mahali ambapo msikilizaji anapata haki ya kudai, na sijapaona. Tunachokiita deni, mara nyingi ni mapenzi yetu wenyewe yaliyokosa adabu.

Tena yako mapenzi yanayoua. Katika mwaka 2011, Sade alipokuwa katika ziara yake kubwa baada ya miaka mingi ya ukimya, mwimbaji mwingine wa soul wa Uingereza, Amy Winehouse, alikuwa naye ameanza ziara ya Ulaya. Alikuwa na umri wa miaka 27. Albamu yake ya mwaka 2006, Back to Black, ilimpatia tuzo tano za Grammy kwa usiku mmoja mwaka 2008, na humo aliimba maumivu yake bila ya kuyafunika, dunia ikamshangilia kwa ukweli wake. Tarehe 18 Juni 2011 alipandishwa jukwaani Belgrade, Serbia, akiwa amelewa, hakumbuki maneno ya nyimbo zake mwenyewe, hajui vyema alipo. Watu walimzomea. Ziara ikavunjwa. Tarehe 23 Julai alikutwa amefariki nyumbani kwake Camden, London, kwa sumu ya pombe.

Nimezitazama picha za usiku ule mara moja, na sitazitazama tena. Simlaumu mtu mmojammoja aliyezomea. Alilipa tikiti, huenda kwa akiba ya mwezi, na haki yake ya kurudishiwa pesa siipingi. Ninachokitafakari ni umbali kati ya kurudishiwa pesa na kudai sauti. Mwili wa mwanamke yule ulikuwa ukisema waziwazi kwamba sauti haipo, na bado palikuwa na maelfu waliosimama chini wakiihitaji, na wengine nyuma ya pazia waliokuwa na mikataba. Hapakuwa na mtu wa kumshika mkono akamtoa. Wangapi katika sisi tumekaa mbele ya mgonjwa tukamwomba hadithi?

Hata hivyo siwezi kulimaliza jambo kwa wepesi huo, maana kuna ukimya ambao ni kosa, na adabu ya kusikiliza haiwezi kuufuta. Anayeona dhuluma akanyamaza hana kinga ya kusema kwamba yuko katika mapumziko ya usanii. Jukumu la ushahidi ni la kila mwenye macho, si la mwimbaji kwa uimbaji wake. Na hapa Sade ananishughulisha zaidi, kwa kuwa nyimbo zake karibu zote ni za mapenzi, lakini katika albamu ya mwaka 1992, Love Deluxe, umo wimbo uitwao Pearls, unaomhusu mwanamke wa Somalia anayekwangua kando ya njia akiokota kile ambacho kwa mwenye njaa ni lulu. Ulikuja wakati ambao sisi wa pwani hatukuhitaji kuelezwa. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991, na watu walikuwa wakishuka Mombasa kwa majahazi, wakiwamo watu wa Barawa wanaosema Chimiini, ndugu wa Kiswahili chetu, wazee ambao ukiwasikiliza kwa makini unawaelewa nusu na nusu ya pili unaibahatisha.

Katika wimbo ule mwimbaji anafananisha uchungu wa mwanamke yule na uchungu wa viatu vipya. Wapo waliomcheka. Mimi mwenyewe nilipolifasiri neno lile mara ya kwanza nilicheka: mtu anakufa njaa, wewe unataja viatu! Ilinichukua miaka kuona kwamba mtu aliyeshiba hawezi kuijua njaa ya mwenziwe, na kwamba anapotafuta kipimo ndani ya maisha yake mwenyewe hapati ila kitu kidogo, cha kuaibisha. Angeweza kukificha kwa maneno makubwa. Alikiacha kidogo vilevile. Katika albamu ya mwaka 2000, Lovers Rock, alifanya jambo kama hilo aliposimulia habari za mhamiaji mweusi anayeijua rangi yake pale anaporudishiwa chenji na mwenye duka asiyetaka kuugusa mkono wake. Hakuna kelele; ni mikono miwili tu na sarafu. Sidhani kwamba mtu anayetoa kitu kila mwaka huweza kuona mambo madogo kiasi hicho.

Nilisema tukumbuke kwamba Sade ni jina la watu wanne. Ukimya wa mmoja ulikuwa ukimya wa riziki ya wengine, na hili watetezi wake hulisahau. Wale watatu hawakukaa kumsubiri mlangoni. Mwaka 1996 walitoa albamu yao wakajiita Sweetback, na Matthewman akafanya kazi na kijana wa Marekani aitwaye Maxwell, ambaye albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka huo huo, na sikio lenye mazoea husikia ndani yake mkono ule ule. Kisha mwaka 2000 na 2010 wakakutana tena, watu wale wale wanne, jambo ambalo katika biashara ile ni adimu kama mvua ya kiangazi. Sijui waliyoambiana baina yao. Naona tu kwamba kumsubiri mtu bila ya kumdai kunawezekana, hata kwa wale wenye sababu ya haki ya kudai. Albamu ya 2010, Soldier of Love, iliuza nakala zaidi ya 500,000 Marekani katika wiki yake ya kwanza. Soko lilisubiri, kumbe.

Sasa nikiri nililoahidi.

Shangazi yangu, ndugu wa baba, alikuwa mghani. Hakupata kuandika beti hata moja, lakini alihifadhi tenzi na akitunga papo hapo, na harusi za wanawake kijijini kwetu hazikukamilika bila ya yeye. Mwanawe wa kiume alizama katika Mkondo wa Pemba, katika chombo kilichokuwa kikielekea Tanga, msimu wa kaskazi. Arubaini ilipopita wanawake wenziwe wakaja kumtaka aghani, naye akawaambia, "Nimemaliza, wanangu." Hakuongeza neno. Walimbembeleza miaka miwili, mitatu. Wengine wakasema ana kiburi, wengine wakasema amerogwa.

Mimi nilikuwa kijana ninayejifunza kutunga, na nilimtaka kuliko wote. Siku moja mwaka 1993 nililala kwake, na usiku wa manane nikamsikia. Alikuwa peke yake chumbani, akisuka ukili, na akighani kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo mtu huitumia kwa mtoto anayeanza kusinzia. Nilikuwa na redio yangu na kaseti moja tu, ile ya Love Deluxe. Nikavijaza karatasi vijitundu vya juu yake ili ikubali kurekodi, nikaiweka redio chini ya dirisha lake, nikabana kitufe. Nilikuja kugundua baadaye kwamba miongoni mwa nilivyovifuta ni wimbo wa yule mwanamke wa Somalia.

Wala sikuishia hapo. Baada ya miezi michache, katika harusi Chake Chake, nilisimama nikaghani beti mbili katika zile nilizozinasa, nikamtaja jina kwa fahari, kama mtu anayemfanyia mzee hisani. Watu walipiga makofi. Habari zilimfikia kabla sijarudi. Nilipoingia alinitazama kidogo, akaniambia, "Chai i tayari, baba." Binti yake ndiye aliyenieleza, muda mrefu baadaye, kwamba tangu siku ile hata usiku hakughani tena. Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo.

Kwa hiyo ninapoandika kwamba msikilizaji hana haki ya kudai, siandiki kama hakimu. Mimi nilikwenda mbali zaidi ya kudai. Na nikilitazama lile pumziko la miaka kumi la Sade, kinachonigusa si uimara wake tu. Ni kwamba alikuwa na ukuta na lango na uwezo wa kulifunga. Shangazi yangu alikuwa na dirisha la nyavu.

Mpwa wangu ameniomba kaseti hiyo tangu Ramadhani iliyopita. Anasema utepe huoza, na kwamba anaweza kuihamishia kwenye kompyuta kwa jioni moja, kisha ikadumu na wajukuu wakasikia. Hoja yake sina la kuijibu, maana vya wanawake wangapi wa kwetu vimekwenda nao kaburini? Nimemwambia asubiri. Nimempigia simu binti wa shangazi, ambaye siku hizi anaishi Muscat, nikamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na ile harusi. Alinyamaza kitambo kwenye simu. Kisha akasema atakuja Pemba baada ya Idi, na atataka kuisikiliza kwanza peke yake, mlango umefungwa, ndipo atasema. Kaseti imo katika kopo la biskuti, juu ya kabati. Redio nimeipeleka kwa fundi akaibadilisha mpira, na betri nimenunua.